Somo: Kujenga stoo uani Mbeya bila kupigwa alama ya X

Ndugu wanachama, mavuno yakiingia kila mtu anatafuta pa kuweka mahindi na viazi, na wengi tunaamini banda la mabanzi si jengo. Ni jengo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kwanza. Langu la Ilomba nililisimamisha bila kumuuliza mtu. Baadaye nikakuta X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Nililibomoa mwenyewe, magunia yakalala nje chini ya turubai. Naandika ili yasikukute.

Kwanza kabisa, tafuta bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Vuta kamba toka bikoni hadi bikoni ujue mpaka halisi, maana ua wa michongoma huwa unahama. Stoo isikae juu ya mpaka: maji ya bati yatamwagikia kwa jirani, na mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinakula msingi wa mtu. Umbali wa kuacha unategemea kiwanja, kwa hiyo kaulize idara ya mipango miji ukiwa na namba ya kiwanja chako.

Pili, chukua barua ya mtendaji wa mtaa.

Tatu, ramani. Hata chumba kimoja kichorwe, kionekane pamoja na nyumba, choo na shimo la maji taka. Ambatanisha nakala ya hati au barua ya toleo (ile ya kupewa kiwanja), na risiti ya kodi ya ardhi. Maombi yanakwenda halmashauri. Ada lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), kamwe usimpe mtu fedha mkononi.

Msingi uchimbwe kibali kikiwa mkononi.

MASWALI

Kaka, mimi niko Uyole, kiwanja kinatazama barabara kuu. Nijenge mbele?
Hapana, dada. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Pima kabla hujanunua hata bati moja.

Nyuma kwangu kuna mto.
Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sogea juu.

Shikamoo mwalimu. Nikiweka mashine ya kuchomelea humo?
Marahaba mwanangu. Hapo si stoo tena, ni karakana. Omba kwanza kubadili matumizi ya ardhi, na ongea na majirani mapema; kelele ndizo huleta malalamiko.