Somo: Amplifaya ya transista moja, pima kwanza ndipo usikilize

Wengi wanaoniletea amplifaya isiyolia hapa Kariakoo walianza kwa kufunga spika. Wamebadilisha transista tatu, hawajashika multimita hata mara moja. Leo tunaanza na multimita.

Saketi ni ya emita ya pamoja: sauti inaingia mguu wa transista uitwao bezi, inatokea mguu uitwao kolekta; wa tatu ni emita. Tafuta transista ya BC547B, betri ya volti 9, rezista za kiloomu 47, 10, 4.7 na 1, kapasita mbili za maikrofaradi 10 na moja ya 100.

1. Shika BC547 ubapa ukikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto ni kolekta, bezi, emita. Transista nyingine, 2N3904, imepangwa kinyume, emita ndiyo ya kushoto, kwa hiyo usifunge kwa mazoea.

2. Rezista ya 47 itoke chanya ya betri hadi bezi, ya 10 itoke bezi hadi hasi. Ya 4.7 iende chanya hadi kolekta, ya 1 emita hadi hasi. Kapasita subiri.

3. Hapa usiharakishe. Waya mweusi wa mita kwenye hasi, kisha pima: bezi kama volti 1.5, emita 0.9, kolekta kati ya 4.5 na 5. Emita hukaa chini ya bezi kwa volti 0.6 hivi. Hiyo 0.9 juu ya kiloomu 1 ni miliampea 0.9, na ikipita kwenye 4.7 inakula volti 4.2. Kolekta inabaki na 4.8, karibu nusu ya betri, ndiyo maana wimbi la sauti linapata nafasi ya kupanda na kushuka bila kukatwa.

4. Sasa kapasita za 10: moja mlangoni, sauti inapoingia, chanya yake upande wa bezi, nyingine kwenye kolekta, chanya upande wa kolekta. Sauti inakua karibu mara 4.7. Ukiongeza ya 100 sambamba na rezista ya emita, inapita mara 100. Kwa maiki iweke, kwa simu iache, maana ukiiweka sauti itapasuka.

Maswali

Kaka, mbona nimeona saketi yenye rezista moja tu ya bezi na inalia?

Inalia kwa transista ile ile. BC547B moja hukuza mkondo mara 200, mwenzake 450. Ukibadilisha, kolekta inahama. Hata joto linaisogeza, na joto la Dar unalijua.

Kolekta inasoma 1.7, emita 1.6. Nimeiunguza?

Hapana. Rezista ya 10 haijashika hasi. Yeyusha risasi upya hapo.

Shikamoo fundi. Naweza kufunga spika ya omu 8 kwenye kolekta?

Marahaba. Usifunge, miliampea 0.9 haiisukumi. Weka LM386, IC ya amplifaya ya spika, baada yake, na potenshomita ya kiloomu 10 katikati. Spika ichukue sauti mguu wa 5 wa LM386 kupitia kapasita ya maikrofaradi 220.