Kuandika Kiingereza cha chuo na cha kazini: anza na jambo lenyewe

Wengi wetu tukiambiwa tuandike Kiingereza cha maana tunakimbilia maneno magumu, unafungua kamusi unatafuta neno refu, pa kuandika "use" unaweka "utilize", ukimaliza sentensi imekuwa ndefu mpaka msomaji kasahau ulianzia wapi. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi na barua za kuomba kazi, na kiukweli msamiati sio tatizo kubwa. Tatizo ni mpangilio. Kiswahili chetu kinataka usalimie kwanza, uulize hali, uzunguke kidogo ndo ufike kwenye shida yako, na hiyo ni adabu. Kiingereza cha ofisini na cha chuo kinaenda kinyume, jambo linatangulia, maelezo yanafuata.

Tuanze na barua pepe kwa sababu hapo ndo watu wanajiharibia mapema. Mtu anataka aongezewe muda wa kumaliza asaimenti, anaandika mistari minane ya salamu na historia ya ugonjwa, ombi lenyewe liko mwisho kabisa, na anayesoma ana barua hamsini zingine zinamsubiri. Andika hivi mstari wa kwanza: "I am writing to ask for a one-week extension on the essay due on Friday." Kisha sababu, sentensi mbili zinatosha. Kichwa cha barua nacho kiseme jambo, sio "Hello" wala "Help". Na kuhusu adabu usiogope, Kiingereza kinaiweka kwenye kitenzi, ukisema "Could you" au "Would it be possible" umeshakuwa na heshima ya kutosha, ila "I want you to" inasikika kama amri hata kama moyoni ulikuwa unaomba kwa upole. Kwenye "Dear Dr" fuatisha jina la ukoo, sio jina la kwanza.

Kwenye insha na ripoti ni sheria ileile ila inahamia kwenye aya. Sentensi ya kwanza ibebe hoja, zinazofuata ziithibitishe. Ukimaliza kuandika fanya hivi, soma sentensi za kwanza za kila aya peke yake, ruka zingine zote, ukiona hoja yako inaeleweka mwanzo mpaka mwisho basi mifupa ipo, usipoelewa hata wewe mwenyewe rudi upange upya kabla hujagusa koma hata moja. Ripoti za utafiti wa sayansi zimerahisishiwa kidogo maana nyingi zina mpangilio wake unaojulikana: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala.

Sasa makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chenyewe, na hapa naomba utulie maana ukiyajua haya umeokoa nusu ya kazi.

Kiswahili hakina "a" wala "the", ndo maana tunaziacha au tunazimwaga kila mahali. Njia ninayotumia mimi ni kujiuliza msomaji anajua ni kipi nazungumzia? Kama anajua ni "the", kama ndo kwanza nakitaja na ni kimoja kinachohesabika ni "a" au "an". Haimalizi kila kitu ila inakufikisha mbali.

Halafu ile "-me-" yetu. Tunasema "nimehitimu mwaka 2019" vizuri tu, ukiihamisha unapata "I have graduated in 2019", na hiyo ni kosa, ukishataja wakati uliopita na ukaisha unasema "I graduated in 2019". Kosa hili nakutana nalo kwenye barua za kuomba kazi kuliko lingine lolote.

Tunasema pia "ingawa alichelewa, lakini alifaulu", Kiingereza kinataka kimoja tu, ukiweka "although" mwanzoni usirudie "but" katikati. "Because" na "that is why" nazo usizipange kwenye sentensi moja. "Kitabu nilichokisoma" kinatuletea "the book which I read it", hiyo "it" itoe. "Mwalimu wangu yeye alisema" inakuwa "my teacher he said", toa "he". Vifaa, taarifa na tafiti kwetu vina wingi au vinahesabika bila shida, ila "equipment", "information", "advice" na "research" haziongezwi "s". Na "discuss" haitaki "about", unasema "discuss the results" basi.

Kingine ni koma. Kiswahili cha kuongea kinaunganisha sentensi kwa koma mpaka pumzi iishe, Kiingereza cha rasmi hakikubali, sentensi mbili kamili zinataka nukta au kiunganishi katikati. Ukiona sentensi yako imepita maneno thelathini ikague, mara nyingi zipo mbili humo ndani.

Kwenye kazi za kitaaluma usidai zaidi ya ulichonacho. Ukiwa umehoji watu ishirini usiandike "this proves", andika "this suggests" au "may", sawa na sisi tunavyosema huenda au inaelekea. Wengine wanaona ni woga, mi naona ni ukweli, na wasahihishaji wanaitafuta hiyo.

Mawazo ya watu wengine: soma, funga chanzo, andika kwa maneno yako, kisha fungua ulinganishe na umtaje mwenye wazo. Kubadilisha maneno matatu ndani ya sentensi ya mtu bado ni wizi. Mtindo wa kutaja vyanzo uliza mapema, saikolojia wanatumia sana APA, udaktari Vancouver, uhandisi IEEE. Tahajia pia chagua moja, ya Uingereza au ya Marekani, usianze na "colour" ukamalizia na "color".

Ukikwama jinsi ya kuanza sentensi, Chuo Kikuu cha Manchester wana Academic Phrasebank kwenye intaneti, imejaa sentensi za mfano za kutambulisha hoja, kulinganisha na kupinga. Kwa msamiati kuna Academic Word List aliyoitoa mtafiti wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000, familia 570 za maneno (yaani neno na ndugu zake, kama "analyse" na "analysis") yanayojirudia kwenye masomo mbalimbali. Ila usizikariri kama mashairi, chukua makala moja ya fani yako, soma aya mbili, angalia maneno hayo yamekaa na nani, kisha andika aya yako fupi ukiyatumia. Dakika ishirini kila siku zinajenga kuliko saa tano za mara moja kwa mwezi.

Programu za kusahihisha tumia mwishoni, sio mwanzoni, na kila inapokurekebisha andika kosa hilo kwenye daftari. Baada ya wiki chache utaona makosa yako ni matano au sita tu yanayojirudia. Kabla ya kutuma kazi iache ilale usiku mmoja, asubuhi isome kwa sauti ukitafuta hayo sita tu, moja baada ya lingine.