Somo: 27 Agosti kwa watoto wetu, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum wanachama. Wengi mmeomba somo la namna ya kuwatengenezea watoto ukurasa wa siku moja: nini kilitokea tarehe fulani katika miaka tofauti, na nani alizaliwa tarehe hiyo. Nimechagua 27 Agosti, na sababu yangu naisema mapema. Tarehe hii imeiingiza Unguja katika vitabu vya rekodi vya dunia kwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa hapa. Watoto wa nchi nyingine husomeshwa habari hiyo kama kichekesho, wakacheka, wakapita. Watoto wetu wanakula urojo na mishikaki Forodhani, pale pale ilipotokea. Wao wana haki ya kuijua siku hiyo kwa ukamilifu wake.

Somo linafaa watoto wa darasa la nne na kuendelea. Tayarisha karatasi ya manila, maka peni za rangi mbili, rula, gundi, saa ya ukutani ya mishale (hata iliyokufa inafaa) na ramani inayoonesha Bahari ya Hindi yote.

Hatua ya kwanza: tukio la nyumbani liwe la mwanzo

Usianze na mfalme wa Ulaya wala chombo cha angani. Mtoto akianza na jambo la kwao, mengine yote atayapima kwa hilo. Wasimulie hivi, polepole:

Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki 25 Agosti 1896. Siku hiyo hiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza Sultani. Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao, hawakumtaka; mtu wao alikuwa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27, siku ya Alhamisi, awe ameteremsha bendera na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa bandarini chini ya Admeri Harry Rawson zikaanza kupiga mizinga.

Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, ikabomolewa. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilijibu mapigo, ikazamishwa hapo hapo ilipotia nanga, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912. Hili la milingoti msiliruke. Mtoto aliyezaliwa Shangani mwaka ule alikua, akaingia chuoni, akahitimu, na kila akitazama bahari aliiona.

Khalid alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, na Oktoba akapelekwa Dar es Salaam kwa meli yao. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli, na mwisho akaruhusiwa kuishi Mombasa, alikofariki 1927. Hamoud alikalishwa kitini siku ile ile ya mapigano, na mwaka uliofuata akatia saini amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba.

Sasa chukua saa ya ukutani. Mtoto mmoja aweke mishale kwenye saa tatu na dakika mbili, mwingine aisogeze mpaka tatu na dakika arubaini. Waambie kwamba huo ni kama muda wa kipindi kimoja cha skuli. Halafu, bila kupandisha sauti, waambie kwamba katika muda huo kiasi ya watu 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, na kwamba upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Nyamaza. Waache wao waulize. Swali litakalokuja, karibu kila darasa, ni "walikuwa kina nani?", na jibu ni kwamba walikuwa askari, watumishi wa kasri, watumwa na watu wa mji waliokuwa ndani au waliojiunga kulinda. Ufupi wa vita unaonesha ukubwa wa mizinga ya upande mmoja. Mtoto wa miaka kumi analifahamu hilo vizuri sana akiachiwa nafasi.

Mkiwa karibu na Mji Mkongwe, malizieni hatua hii Forodhani. Simameni mkiipa mgongo bahari, mtizame Beit al-Ajaib. Ilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, ikaharibiwa kiasi siku ile lakini ikasalimika. Sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020, kwa hiyo itazameni kwa mbali.

Hatua ya pili: tukio la bahari yetu

Shikeni huo mwaka 1883, kwa sababu unafungua mlango wa pili. Jumatatu ya 27 Agosti 1883, saa nne na dakika mbili asubuhi kwa saa za huko, volkano ya Krakatau, baina ya Java na Sumatra nchini Indonesia, iliripuka mripuko wake mkubwa kabisa. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi yaliyopanda pwani.

Mripuko huo ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, sehemu ya Morisi, umbali wa kiasi ya kilomita 4,800. Waliousikia walidhani ni mizinga mizito inapigwa kwa mbali.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na mimi hupenda kuona nyuso za watoto wakati huu. Waandikie ubaoni: sauti husafiri hewani kiasi ya kilomita 1,200 kwa saa. Umbali ni 4,800. Ilichukua muda gani? Watagawa, watapata saa nne. Na kweli, huko Rodrigues mlio ulifika baada ya kiasi ya saa nne. Wape ramani waweke kidole Krakatau, kingine Rodrigues, kisha watafute Unguja. Watajionea wenyewe kwamba maji yale ni haya haya yetu.

Mwenye jicho kali atagundua jambo: walioko Rodrigues walidhani wanasikia mizinga, na miaka 13 baadaye, tarehe ile ile, Unguja ikasikia mizinga ya kweli. Muulize kama jambo la kwanza limesababisha la pili. Hapana. Tarehe zimekutana tu, na kalenda haina siri wala utabiri ndani yake. Lisemeni waziwazi, maana wapo watoto watakaotoka darasani wakiamini 27 Agosti ni siku ya nuhusi.

Hatua ya tatu: mawili matatu ya mbali, yasizidi

27 Agosti 1859 Edwin Drake alipata mafuta kwa kuchimba kisima Titusville, Pennsylvania, Marekani, kwenye kina cha kiasi ya mita 21. Kutokana na visima vya namna ile mafuta ya taa yalienea duniani. Kila mtoto ana bibi aliyesoma au kupika kwa mwanga wa kibatari, aulizwe.

27 Agosti 1962 Marekani ilirusha chombo Mariner 2, ambacho Disemba mwaka huo kilipita karibu na Zuhura na kuwa cha kwanza kufanikiwa kuifikia sayari nyingine. Kule Florida kilipoondoka ilikuwa usiku wa manane. Hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Na 27 Agosti 2003 sayari ya Mirihi ilikuwa karibu na dunia kuliko wakati wowote katika miaka takriban 60,000, umbali wa kiasi ya kilomita milioni 56.

Basi. Mkijaza matukio ishirini, mtoto atakumbuka sifuri.

Hatua ya nne: waliozaliwa, na uhakiki

27 Agosti 1908 walizaliwa watu wawili wasiojuana: Don Bradman wa Australia, mchezaji wa kriketi aliyemaliza mechi zake kubwa za kimataifa na wastani wa mikimbio 99.94, na Lyndon Johnson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani na kutia saini mwaka 1964 sheria kubwa ya kupinga ubaguzi wa rangi. Siku hiyo nayo ilikuwa Alhamisi. Charles Rolls, mmoja wa waanzilishi wa Rolls-Royce, alizaliwa tarehe hiyo 1877.

Chagua kwa kazi alizofanya mtu, usichague kwa umaarufu peke yake. Na hakikini tarehe katika sehemu mbili zisizonakiliana. Mfano mzuri wa kuwaonesha watoto ni Mama Teresa. Kuna wanaomwandika 27 Agosti 1910, lakini alizaliwa tarehe 26. Tarehe 27 ndiyo aliyobatizwa, na mwenyewe aliihesabu kuwa siku yake. Mtoto akielewa kosa lilipoanzia, atakuwa mwangalifu kwa mengine.

Hatua ya tano: manila

Chora mstari mmoja wa miaka kutoka 1859 mpaka leo. Ya nyumbani yaandikwe kwa rangi moja, ya mbali kwa rangi nyingine. Kila mtoto achukue kadi moja tu, aisome kwa maneno yake bila kutazama, kisha aibandike. Mwishoni kila mmoja aweke juu ya mstari huo mwaka aliozaliwa yeye.

Maswali ya wanachama

*Mama, Chake Chake:* Ahsante maalim. Binti yangu amezaliwa hiyo hiyo 27 Agosti. Alivyosoma akaniuliza, "Mama, kwani siku yangu ni ya misiba?" Nimjibuje?

Mwambie kila tarehe katika mwaka ina msiba wake na furaha yake, maana watu ni wengi na miaka ni mingi. Kisha muoneshe Bradman na Mariner 2. Na yeye mwenyewe umuandike kwenye manila kwa maandishi makubwa kuliko ya Admeri.

*Mwalimu wa skuli, Unguja Kaskazini:* Vitabu vingine vinasema vita vilidumu dakika 38, vingine 45. Niandike ipi?

Andika "dakika 38 hadi 45". Tofauti inatokana na mahali mtu anapoanza na kuishia kuhesabu: ni muda ulipokwisha au mzinga wa kwanza, ni bendera ilipoanguka au mapigo yaliponyamaza. Waachie watoto wajadili, wana hoja nzuri.

*Ustadh wa chuo, Wete:* Mbona yote ni kalenda ya Kizungu? Na sisi wengine siku za kuzaliwa hatuzisherehekei.

Ustadh, hakuna keki wala mshumaa ndani ya somo hili; ni kujua tu nani alizaliwa lini na akafanya nini. Kuhusu kalenda, hoja yako ina uzito, na iongezwe kwenye manila. Vita vile viliangukia Mfunguo Sita mwaka 1314 Hijria, mwezi wa Maulidi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa kiasi ya siku 11, ndiyo maana Maulidi huzunguka majira yote kwa miaka takriban 33, na 27 Agosti hubaki palepale kwenye kusi. Wanafunzi wako wakiandika tarehe zote mbili watakuwa wamewashinda wa skuli.

*Baba, Jang'ombe:* Bibi yao watoto kwenye kitambulisho kaandikwa 1 Januari, lakini kila mtu anajua ni ya kukisia. Wanataka kumuweka kwenye mradi wao.

Wamuweke, ila wasiidanganye kadi. Waende wamuulize alikuwa mkubwa kiasi gani yalipotokea Mapinduzi ya 12 Januari 1964: alikuwa anatambaa, ameanza chuo, ameshaolewa? Alizaliwa masika au vuli? Hapo wataandika "alizaliwa masika, miaka kama sita kabla ya Mapinduzi". Hiyo ni historia safi kuliko tarehe ya karani.

*Mwanafunzi wa ualimu, Mkoani:* Mfano wote ni Unguja. Pemba je? Na tarehe nyingine za kwetu za kuanzia?

Umesema kweli. Kwa Pemba anza na 22 Oktoba: mwaka 1943 alizaliwa Mtambwe Maalim Seif Sharif Hamad, mwalimu aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi na baadaye Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1797 Garnerin aliruka kwa mwavuli kutoka kwenye puto juu ya mji wa Paris, na mwaka 2008 India ikarusha Chandrayaan-1 kwenda mwezini.

Kwa tarehe nyingine, 27 Januari ana Rais Samia Suluhu Hassan (1960) na Mozart (1756). 30 Agosti ana Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, na mwanasayansi Rutherford (1871). 5 Septemba alizaliwa Mji Mkongwe mwimbaji Freddie Mercury (1946), na tarehe hiyo mwaka 1977 kiliondoka Voyager 1, chombo kilichokwenda mbali na dunia kuliko vyote. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya fasihi 2021, ni wa 20 Disemba 1948. Chagua moja, tafuta tukio la pili na la tatu wewe na watoto wako, hakikini, kisha mtupigie picha manila yenu muiweke hapa.