Kupanga muziki, sanaa na mwanga wa hoteli yenye kasino Kigoma, mbele ya ziwa

Anza na jua. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inafuata saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua la huku huchelewa kuzama kwa takriban dakika 40. Kutegemea mwezi, linazama kati ya saa 12:50 na saa 1:30 jioni, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ratiba ya burudani iliyonakiliwa kutoka hoteli ya Dar itakufanya uwashe taa na kumfungulia DJ wakati wageni wote bado wanatazama maji. Hilo ndilo kosa la kwanza la hoteli nyingi za ufukweni, na halihitaji hata shilingi moja kulirekebisha.

Watu wakisikia neno kasino huwaza chumba cha dari fupi, kisicho na dirisha wala saa ukutani. Las Vegas walijenga hivyo kwa miaka mingi. Lakini hoteli ya Bellagio ya huko ilipofunguliwa mwaka 1998, wageni walikuta dari refu, mwanga mwingi, ziwa la chemchemi zinazocheza kwa muziki mbele ya mlango, na darini mwa mapokezi maua ya kioo zaidi ya 2,000 yaliyotengenezwa na msanii wa kioo Dale Chihuly. Hoteli ya The Cosmopolitan, mwaka 2010, ikaja na nguzo za mapokezi zilizofunikwa skrini zinazobadilisha picha. Bellagio walilazimika kuchimba ziwa jangwani. Wewe unalo tayari, lenye kina cha karibu mita 1,470. Kwa hiyo kila spika, kila taa na kila picha utakayoweka ipimwe kwa swali moja: inalisaidia ziwa au inapigana nalo?

Mahali pa jukwaa

Jaribu la kwanza ni kuweka bendi kwenye ukingo wa maji ili wageni waone wanamuziki na ziwa nyuma yao. Picha yake ni nzuri, matokeo yake ni mabaya. Kuanzia saa 11 jioni jua linawapiga wageni machoni, wanamuziki wanaonekana vivuli vyeusi, na spika zote zinaelekea nchi kavu, kwa majirani walio mlimani. Ukigeuza, bendi ikapiga kuelekea majini, sauti inasafiri mbali juu ya maji tambarare kwa sababu hakuna cha kuizuia, na kwa kuwa Ghuba ya Kigoma imejikunja, inawafikia watu wa upande wa pili.

Weka jukwaa ubavuni, kaskazini au kusini mwa baraza. Mgeni atageuza shingo kidogo tu kuona bendi, na ziwa litabaki mbele yake. Urefu wa jukwaa sentimita 40 hadi 60 unatosha kwa baraza la watu 100. Likizidi hapo, linakuwa jukwaa la mkutano wa hadhara.

Sauti

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6 hivi. Spika inayotoa desibeli 100 mita moja mbele yake itatoa 94 kwenye mita 2, 88 kwenye mita 4, 82 kwenye mita 8, na 76 kwenye mita 16. Ndiyo maana spika mbili kubwa za mbele haziwezi kuhudumia baraza refu: meza ya kwanza inaziba masikio na meza ya mwisho inalalamika haisikii. Tumia spika ndogo nyingi zenye sauti ya chini. Kwa chakula na mazungumzo, spika za inchi 5 au 6, zikitenganishwa mita 5 hadi 6, juu mita 2.5, zikiinamishwa kuelekea mezani, zinafanya kazi nzuri kuliko majitu ya inchi 15.

Bendi inapopiga, spika za jukwaani ndizo kuu na hizi ndogo zinasaidia nyuma. Hapo lazima uzicheleweshe. Sauti huchukua karibu milisekunde 29 kwa kila mita 10. Spika iliyo mita 20 kutoka jukwaani icheleweshwe milisekunde 58, kisha ongeza 10 hivi ili sikio liendelee kuamini kwamba mwimbaji yuko jukwaani. Usipofanya hivyo, meza za nyuma zitasikia kila neno mara mbili, na fundi atadhani ni mwangwi, ataongeza sauti, na mambo yataharibika zaidi.

Besi ziweke pamoja, zikigusana, upande mmoja wa jukwaa au chini yake katikati. Ukiweka moja kushoto na moja kulia, kuna meza zitatikisika na nyingine, hatua 3 pembeni, hazitasikia besi kabisa, kwa sababu mawimbi ya spika hizo mbili yanafutana. Zikate kwenye hezi 80 hadi 100, yaani zisipige sauti za juu ya hapo, na spika ndogo uzizuie zisipokee chochote chini ya hapo.

Paa nalo lina neno. Makuti na nyasi hunyonya sauti vizuri. Bati hulirudisha kila neno, na masika ukiwa chini yake gitaa halisikiki hata kidogo. Kama paa ni bati, weka dari la mbao na pamba ya kuzuia sauti juu yake. Ndani ya ukumbi wa zege na vigae, piga kofi moja kali katikati: ukisikia mlio unaendelea kwa zaidi ya sekunde moja, ukumbi unahitaji vitambaa. Pazia zito lenye mikunjo, upana wake mara 2 ya ukuta unaofunikwa, likining'inia sentimita 10 mbele ya ukuta, linasaidia sana. Funika angalau robo ya eneo la kuta. Trei za mayai zinazobandikwa kwenye kumbi nyingi hazizuii kitu isipokuwa kelele kidogo za juu, na zinashika moto upesi. Zitoe.

Umeme: mitambo ya muziki iwe na laini yake, tofauti na friji, pampu na swichi za kupunguza mwanga wa taa. Vyote vitumie ethi moja, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini. Mngurumo unaosikika hata nyimbo zikiwa zimezimwa karibu kila mara unatokana na vifaa viwili kuungwa kwenye ethi mbili tofauti, na wengine hukata waya wa ethi ili ukome. Usikubali hilo kamwe. Mwimbaji anayeshika maikrofoni kwa mkono wenye jasho ndiye atakayelipa. Weka stabilaiza kwa amplifaya, na mixa (meza ya kuchanganyia sauti) pamoja na kompyuta ziwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika na jenereta ikachukua sekunde 15 kuwaka, mixa ya kisasa itahitaji dakika nzima kuamka.

Nini kipigwe, na saa ngapi

Kuanzia saa 10:30 hadi jua kuzama: gitaa kavu, ala tupu, taarabu ya zamani. Mezani desibeli 60 hadi 65, yaani watu wawili wanaongea bila kuinua sauti. Programu ya kupimia kwenye simu inatosha kwa kazi hii.

Jua linapozama ndipo adhana ya magharibi inapoanza, na Kigoma na Ujiji ni miji ya misikiti mingi. Zima kila kitu. Zima hadi sala iishe, kama dakika 15. Usipunguze, zima. Hapo wageni husikia maji yakipiga mawe, mashua za mwalo wa Kibirizi, na adhana zikipokezana mlimani. Hakuna DJ anayeweza kutengeneza dakika 15 kama hizo, na mgeni wa mbali ndizo atakazozisimulia kwao. Mwezi wa Ramadhani panga ratiba upya kabisa: futari kwanza, muziki laini baada ya tarawehe.

Baada ya sala ni zamu ya dansi na rumba. Hapa ndipo Kigoma ina haki ya kujivunia. Redio za Kongo na Burundi zinasikika huku tangu zamani, na Tabora jirani ilizaa Tabora Jazz na Kiko Kids, kwa hiyo wapo wapiga gitaa wanaoujua mtindo huu tangu utotoni. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, lakini huku haikuhitaji cheti. Bendi ya watu 4 au 5 inatosha: gitaa la solo, ridhimu, besi, ngoma, mwimbaji.

Wakati wa chakula chagua nyimbo za kuimba kwa utulivu zisizoingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Usikate wimbo sebene inapoanza. Mgeni wa Kigoma anaijua, anaisubiri, na ataona umemnyang'anya kitu. Mwendo wa muziki una athari inayopimika: mtafiti Ronald Milliman, mwaka 1986, alionyesha kwamba kwenye mgahawa mmoja wa Marekani wateja walikaa wastani wa dakika 56 muziki ukiwa wa polepole na 45 ukiwa wa haraka, na waliokaa walinunua vinywaji zaidi.

Kuanzia saa 3:30 sebene ifunguliwe, kisha Bongo Fleva na singeli kwa wanaotaka kucheza. Desibeli 90 hadi 95 ziwe kwenye sakafu ya kuchezea peke yake, na zisizidi 80 kwenye meza zilizo mita 10 kutoka hapo. Wahudumu wanaosimama karibu na spika kila usiku wapewe vizibo vya masikio. Desibeli 85 kwa saa 8 ndio mpaka unaokubalika kazini, na kila zikiongezeka 3 muda huo hupungua nusu: kwenye 94 ni saa moja tu.

Kabla ya usiku wa kwanza uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, namna ya kupata kibali cha kupiga muziki hadharani, na kwa manispaa uliza saa za mwisho za muziki wa nje.

Chumba cha michezo

Kibali hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haingii. Mlango wake usiwe njia ya kwendea chooni wala bwawani, maana watoto watapita hapo mchana kutwa. Mashine zina milio yake, kwa hiyo usiweke muziki wa kushindana nayo: teremsha milio ya mashine kwanza, kisha muziki uwe chini yake kidogo. Weka zulia nene. Na weka saa ukutani, kubwa, inayosomeka, pamoja na dirisha linaloliona ziwa. Kumficha mtu saa ili aendelee kupoteza hela ni ubaya usiofaa kuitwa ubunifu.

Taa

Taa zote za nje ziwe za rangi ya joto, yaani ya umanjano, kelvini 2,200 hadi 2,700. Nyeupe kali hufanya chakula kionekane kimepoa na huita wadudu wengi zaidi. Mezani luksi (kipimo cha mwanga) 30 hadi 50 zinatosha kusoma menyu. Ngazi na kingo za gati ziwe na taa za chini, zenye kinga ya maji IP65, zikitazama sakafu.

Usielekeze taa hata moja majini. Usiku wa giza la mwezi wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na ziwa zima linakuwa kama mji unaoelea. Taa yako moja ya mafuriko inaufuta mji huo wote. Mbalamwezi ikipevuka wavuvi hupumzika, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kuwaahidi wageni mandhari hiyo.

Sanaa ukutani na darini

Chagua kitu kimoja kikubwa kwa mapokezi, kisha acha kuta nyingine zipumue. Pendekezo letu ni dari la vikapu na nyungo za Kiha. Kwa eneo la mita 4 kwa 6 unahitaji kama 60, za ukubwa tofauti, zikining'inia kwa vimo tofauti, cha chini kabisa mita 2.6 kutoka sakafuni. Tumia waya wa chuma cha pua wa milimita 1.5. Kamba ya nailoni hulegea kwa joto na hukatika bila taarifa. Kabla ya kuvitundika, funga vikapu ndani ya mifuko ya plastiki na uviweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili wadudu na mayai yao wafe. Friza hiyo isiwe ya samaki, la sivyo mapokezi yatanukia migebuka mwaka mzima.

Picha za kuchora zitundikwe katikati yake ikiwa sentimita 150 kutoka sakafuni. Taa yake itoke juu kwa pembe ya nyuzi 30, yenye uwezo wa kuonyesha rangi (CRI) wa 90 kati ya 100 au zaidi. Rangi za mafuta zinavumilia luksi 200, lakini vitambaa na karatasi visizidi 50, la sivyo vitapauka. Jua la jioni linaingia moja kwa moja kwenye vyumba vinavyotazama ziwa, kwa hiyo ukuta unaotazama magharibi usipewe karatasi wala kitenge cha zamani. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya fremu na ukuta, hewa ipite na mchwa waonekane mapema.

Nunua kwa wachoraji na wasusi wa mkoa wenyewe, lipa nusu mwanzoni, na andikianeni mapema kama hoteli inaruhusiwa kuchapa kazi hiyo kwenye fulana au matangazo. Kila kazi iwe na kibao chenye jina la msanii, mahali anapotoka, mwaka na malighafi.

Kufunga usiku

Dakika 45 za mwisho teremsha sauti desibeli 3 kila robo saa na upandishe mwanga kidogo kidogo. Ukizima muziki ghafla watu hukasirika na walinzi hupata kazi. Amplifaya ndizo zizimwe kwanza, mixa baadaye, ili spika zisipige mshindo. Spika za nje zifunikwe kwa turubai linalopitisha hewa chini, kwani umande wa ziwa huingia hata kiangazi, na taa za upande wa maji ndizo za kwanza kuzimwa.