Namna ya Kulinda Kumbukumbu ya Mzee Mwenye Kisukari

Mzee mwenye kisukari anapouliza jambo lilelile mara tatu asubuhi moja, msikimbilie kusema kwamba ni uzee tu. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili, nao huitegemea sana sukari iliyomo katika damu. Sukari hiyo ikikaa juu kwa miaka mingi, hasa ikiandamana na presha, mishipa midogo ya ubongo huharibika na kumbukumbu hufifia.

Anapochanganyikiwa ghafla, pimeni sukari hapohapo bila kusubiri siku ya kliniki. Mimi nilijifunza hili Chamwino, mkoani Dodoma, kwa mama mkubwa, niliyemkuta alfajiri moja ameketi jikoni, viganja vimelowa jasho, akishindwa kukumbuka sufuria ya uji huwekwa wapi, kwa kuwa usiku alikuwa amemeza vidonge vyake vya kisukari bila kula, sukari ikashuka mno. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na mzee akiwa bado anaweza kumeza, mkorogeeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, anywe, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, bali awahishwe hospitali. Sukari inayoshuka vibaya mara kwa mara nayo huhusishwa na kupotea kwa kumbukumbu, kwa hiyo muulizeni daktari kiwango kinachomfaa mzee wenu, maana si lazima kilingane na cha kijana.

Vidonge asiachiwe peke yake, kwani anayesahau huweza kumeza dozi mara mbili. Mtu mmoja nyumbani ampe na kuandika saa katika daftari. Kama ametumia metformini, kidonge cha kushusha sukari, kwa miaka mingi, ombeni apimwe vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huleta usahaulifu unaotibika.

Kuhusu chakula, ugali wa mtama au uwele kwa mlenda unafaa, ila kipimo cha ugali ndicho cha kuangaliwa, na zabibu za msimu zisizidi kiganja kimoja. Atembee kila siku kabla jua halijawa kali.

Siku ya kliniki nendeni na daftari hilo, mkieleza usahaulifu ulianza lini na hutokea saa ngapi. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hicho huenda ni kiharusi: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.