Kupiga picha za wanyama ukizunguka Iceland kwa gari: hatua kwa hatua

Aliyezoea kupiga picha Serengeti au Maasai Mara akifika Iceland huendesha polepole, macho nje, akingoja kitu kijitokeze. Huku utachoka bure. Mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha ni mmoja tu, mbweha wa aktiki, naye ni adimu kuonekana barabarani. Uhai mwingi uko baharini na kwenye majabali ya pwani. Basi chagua vituo vichache, na kila kituo ukipe saa za kutosha.

Hatua ya 1: Amua msimu kabla ya kukata tiketi. Pafini, yule ndege mwenye mdomo wa rangi ya machungwa, hukaa nchi kavu kuanzia Aprili hadi Agosti tu. Miezi mingine yuko bahari kuu. Rendia, jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, huonekana kirahisi wakati wa baridi, wanaposhuka kutoka milimani. Ukitaka wote wawili katika safari moja, utapata nusu nusu. Kwa safari ya kwanza mimi nashauri Juni: jua huzama karibu saa sita usiku, na mwanga laini wa dhahabu hukaa saa nyingi.

Hatua ya 2: Panga barabara. Barabara Namba 1 huzunguka nchi kwa kilomita kama 1,300. Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe. Usisimame barabarani kwa sababu umeona ndege. Tafuta eneo la maegesho, hata kama liko mbali, urudi kwa miguu. Kuendesha nje ya barabara ni kosa kisheria, kwa kuwa mimea ya huko ikikanyagwa huchukua miaka mingi kupona. Na ukifungua mlango, ushike kwa nguvu, maana upepo huung'oa.

Hatua ya 3: Wape pafini jioni nzima. Nenda Borgarfjörður eystri, mashariki, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka mji wa Egilsstaðir. Pale Hafnarhólmi kuna ngazi na majukwaa ya mbao, na ndege wanakaa mita chache tu kutoka ulipo. Fika jioni, wanaporudi kutoka baharini.

Ugumu wa pafini ni rangi zake. Mgongo mweusi, kifua cheupe, nyuma yake bahari ya giza. Kamera huliona giza hilo, huongeza mwanga, na kifua kinaungua, yaani kinatoka cheupe kisicho na manyoya yoyote yanayoonekana. Shusha fidia ya mwanga, ule mpangilio wa kamera wa kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, hadi -0.7 au -1. Kisha kuza picha kwenye skrini, tazama kifua: ukiona manyoya mojamoja, uko sawa, ukiona weupe mtupu, shusha tena.

Akiruka huenda kasi sana, kwa hiyo anza na kasi ya shata ya 1/2500 ya sekunde na uiache ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande. Halafu pima upepo. Ndege hutua akiukabili upepo, hivyo upepo ukikupiga mgongoni, watakujia uso kwa uso, samaki mdomoni. Mbinu hii moja inashinda lenzi ya bei kubwa.

Ukienda Látrabjarg, jabali la pwani ya magharibi, hakuna majukwaa ya namna hiyo. Ardhi ya ukingoni imejaa mashimo ya viota na huweza kukatika. Lala kifudifudi, mbali na ukingo.

Hatua ya 4: Sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha, fuata maji. Kwenye rasi ya Vatnsnes, kaskazini-magharibi, sili hupanda miambani maji yakipwa. Angalia jedwali la kupwa na kujaa, ufike kabla maji hayajapwa kabisa. Wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma. Jökulsárlón, ziwa la barafu la kusini-mashariki, utawaona wakielea karibu na mapande ya barafu, na hapo ongeza fidia kidogo, la sivyo barafu itatoka ya kijivu.

Hatua ya 5: Rendia, piga ukiwa ndani ya gari. Wako mashariki pekee. Ni kizazi cha walioletwa kutoka Norway karne ya 18. Wakati wa baridi watafute kati ya miji ya Höfn na Djúpivogur. Ukishuka wanaondoka, ila gari lililosimama hawalijali. Zima injini, weka mfuko wa mchele juu ya kioo kilichoteremshwa, laza lenzi hapo. Lakini zima hita ya gari mapema na ufungue madirisha. Hewa ya moto ikitoka dirishani na kukutana na baridi hutetemeka mbele ya lenzi, na manyoya yote yanakuwa ukungu. Wengi huilaumu lenzi, kumbe ni hita.

Hatua ya 6: Buabua, ndege wa pwani, wakikushambulia, ondoka. Maana yake umeingia kwenye viota. Inua tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, juu ya kichwa, maana wao hudonoa kilicho juu zaidi, na urudi ulikotoka.

Hatua ya 7: Linda kamera na unyevu. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Kabla ya kuingia chumba chenye joto, toa kadi ya picha, kisha funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje. Matone yatatanda juu ya plastiki, si kwenye lenzi. Usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Lenzi kubwa huhitaji hata saa mbili.