Pikapu yako kubwa inakunywa mafuta kiasi gani hasa?

Pikapu kama F-150, Silverado 1500 au Ram 1500 ikiuzwa mpya Marekani, kioo chake huwa na karatasi ya EPA (shirika la serikali la mazingira) inayoonyesha maili kwa galoni. Ile namba kubwa ni wastani wa mjini asilimia 55 na barabara kuu asilimia 45, nayo msingi wake ni vipimo vya maabara, gari likikimbia papo hapo juu ya roli zinazozunguka. Skrini ya dashibodi nayo hukadiria tu, na mara nyingi hujipendelea. Ukweli upimie kwenye pampu.

Jaza tangi gari likiwa mahali tambarare. Bomba la pampu likijizima lenyewe mara ya kwanza, acha hapo hapo. Ukilazimisha tone la ziada unavuruga hesabu, na petroli inaweza kuingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke, taa ya injini ikawaka. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi libaki robo, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, gari limeelekea upande uleule.

Gawa maili za kihesabu kwa galoni ulizojaza mara ya pili: maili 371 kwa galoni 20.6 ni 18. Ukitaka lita kwa kilomita 100, chukua 235.2 ugawe kwa 18, utapata kama 13.1. Usipime kwa galoni 5, kwa sababu kosa la nusu galoni hapo ni asilimia 10. Kwenye galoni 20 ni asilimia 2.5 tu. Pima matangi matatu mfululizo, jumlisha maili zote na galoni zote, ndipo ugawe.

Wengi hukosea kwenye matairi. Ukitoa matairi ya saizi 275/65R18 ukafunga ya 285/75R18, kipenyo kinatoka milimita 815 hadi 885. Tairi linazunguka mara chache zaidi kwa kila maili, kwa hiyo odometa (kihesabu cha maili) inahesabu pungufu: ikisema 400, umekwenda kama 434. Zidisha maili zako kwa 1.086 kabla ya kugawa, la sivyo utalaumu injini bure. (Matairi hayo mazito yanaongeza ulaji kweli, ila si kwa kiasi ambacho odometa isiyorekebishwa inakuonyesha.)

Safari za kuvuta tela ziandike peke yake. Tela refu la kuta bapa linaweza kukata maili kwa galoni karibu nusu, na kwenye barabara kuu kinachokula mafuta zaidi ni upepo kuliko uzito. Punguza mwendo kutoka maili 75 kwa saa hadi 65, kisha upime tena.

Upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujaondoka. Kila psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye matairi yote hupoteza kama asilimia 0.2. Fuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe.